Je, Yafaa Kula Samaki Mbichi kwa Wajapani?



Mwezi huu tumeletewa barua na bibi mmoja wa Tanga, nayo tumeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Bibi huyu ni mjane. Kijana wake amepata nafasi ya kwenda kusoma Japani, na ada ya masomo imekwisha kulipiwa. Walakini nauli na matumizi ya mwanzo yako mikononi mwa ami yake, ndugu wa marehemu baba yake. Ami huyu amezizuia fedha zake. Hoja yake ni moja tu: amesikia kwamba watu wa huko hula samaki wabichi, wala mtu hawezi kukaa nao ila atakula nao, na haifai mtoto wa Kiislamu aliyelelewa kwa bismillahi akawe mla vibichi kama mnyama wa mwituni. Bibi anatuuliza mambo mawili. Chakula hicho kiitwacho sushi ni halali au haramu? Na yeye afanye nini na shemeji yake?

Hilo la pili hatulijui kuliko alijuavyo yeye mwenyewe. La kwanza tutalijibu, na tutalijibu kwa kirefu, kwani maneno ya ami yule tuliwahi kuyasema sisi, kwa kinywa chetu, kumwambia mwanetu wa kumzaa. Itakuwa ni dhuluma kumsema mtu wa Tanga na nafsi zetu tukazificha.

Mwanetu wa pili yuko Kobe, mji wa bandari wa Japani, kwa masomo, na huu ni mwaka wake wa tatu. Katika mwaka wa kwanza alituletea picha kwa simu: kibao cha mti, juu yake matonge madogo ya wali, na juu ya kila tonge kipande cha samaki, kingine chekundu kingine cheupe, vyote vinameta. Akaandika chini yake, "Baba, leo nimealikwa na mzee mwenye nyumba." Nasi tukamjibu hapo hapo, bila ya kuuliza hata neno moja, kwamba samaki mbichi ni chakula cha paka, na sisi hatukumsomesha Juzuu Amma ili akakae mezani na paka. Tulijiona tumesema neno la ucheshi lenye mafunzo ndani yake. Mtoto hakujibu. Tokea siku ile, kwa muda wa miezi kumi na mmoja, hakutuandikia tena habari za chakula. Mama yake akimwuliza, "Umekula nini, mwanangu?" humjibu, "Nimekula, alhamdulillahi." Basi, huishia hapo.

Mwaka jana Mwenyezi Mungu alitujaalia kwenda kumwona, kwa nauli aliyoidunduliza yeye mwenyewe katika kazi zake za jioni. Hatukuwa tumekaa siku nne ila yule mzee mwenye nyumba alipeleka salamu kwamba angependa kumkirimu baba wa mpangaji wake, na mahali alipopachagua ni mkahawa wa sushi ulio katika mtaa ule ule, hatua chache tangu mlangoni. Tulimwambia mwanetu amjibu kwamba baba anaumwa na tumbo. Yeye akatutazama, kisha akasema kwa adabu, "Baba, yeye alikula papa."

Tukamwuliza, papa gani? Ndipo alipotusimulia. Mama yake alimpa papa mkavu siku aliposafiri, naye alipofika akampika kwa nazi ya kopo katika chumba chake. Msomaji ajua harufu ya papa mkavu anapoloweshwa. Jirani wa juu alishuka, jirani wa upande alitoka, na mwisho akaja mzee mwenye nyumba kugonga mlango, amejaa hofu, akidhani kuna mnyama aliyekufa chini ya sakafu. Mwanetu akaona haya mno, akamfunulia chungu. Mzee akainama, akanusa, akashika pua, kisha akaketi chini akaomba aonjeshwe. Akala, akamaliza sahani. Toka hapo wamekuwa kama babu na mjukuu. Basi mtu aliyekula papa wetu akiwa ameshika pua, sisi twamwambia tumbo linauma? Tulikwenda.

Walakini kabla ya kuingia mkahawani yatupasa tuseme neno la sheria, maana bibi wa Tanga ameuliza sheria, hakuuliza hadithi ya papa.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Maida, aya ya 96, ametuhalalishia mawindo ya bahari na chakula chake. Naye Bwana Mtume (S.A.W.), alipoulizwa habari za kutawadha kwa maji ya bahari, alijibu kwamba maji yake ni tohara, na akazidisha faida ambayo muulizaji hakuiomba, kwamba mfu wake ni halali. Samaki hahitaji kuchinjwa. Kwa hivyo hatuulizi aliyemvua alikuwa Mwislamu au si Mwislamu, wala alisema nini alipomtoa katika wavu. Hapa ndipo mahali ambapo samaki wa Japani anatofautiana na kuku wa Japani na ng'ombe wa Japani, ambao hatuwali mpaka tujue wamechinjwaje.

Wasomaji wengine watasema: halali amekubaliwa, lakini mbichi? Twasema, hakuna aya wala hadithi iliyoshurutisha moto. Kupika ni ada na ni usalama, si sharti ya uhalali. Lililochukiza kwa wanavyuoni wetu ni kumla samaki angali hai, na huko siko tunakozungumzia. Aliyeogopa wanyama wa ajabu wa baharini na akumbuke jeshi la Abu Ubayda bin Jarrah (R.A.), watu mia tatu, njaa ilipowashika pwani hata wakala majani. Bahari ikawatolea samaki mkubwa mno ambaye hawakupata kumwona mfano wake, wakamla nusu ya mwezi. Waliporejea Madina, Bwana Mtume (S.A.W.) aliwauliza kama wamebakiwa na kitu wamlishe, akaletewa, akala.

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii mlango huu ni mpana. Pweza, ngisi, kamba, chaza, mkunga, vyote twavila bila ya shaka. Kaa ndiye mwenye maneno: Imamu Nawawi katika Minhaj amemtia pamoja na chura na nyoka kwa kuwa huishi bara na bahari, na katika Majmu' akapanua, asimtoe katika vya baharini ila chura. Mwenye kumwacha kaa amejitahadhari, na mwenye kumla asitukanwe. Ndugu zetu wa Kihanafi, nao ni wengi Japani kwa sababu ya Wapakistani na Waturuki, hawali ila samaki hasa. Mwanetu alitwambia kwamba akikaa nao kibao kimoja humsogeza pweza upande wake, wala hawabishani. Hilo lilitupendeza kuliko khutba nyingi tulizopata kuzisikia juu ya umoja.

Basi kwa upande wa samaki mambo ni meupe. Lakini bibi hakuuliza samaki, aliuliza sushi, na sushi si samaki mbichi kama tunavyodhani huku kwetu. Jina hilo ni la wali uliokolezwa siki. Yako matonge yenye yai, yenye tango, yenye kamba aliyechemshwa, na yote huitwa sushi. Asili yake ni ya watu wa mashamba ya mpunga, upande wa kusini mashariki ya Asia, waliokuwa wakimtia samaki chumvi na kumfukia katika wali ili asioze; wali ukichacha humlinda samaki, na mwisho hutupwa. Mpaka leo karibu na ziwa liitwalo Biwa hutengenezwa samaki wa namna hiyo, na harufu yake, kwa maelezo ya mwanetu, yaweza kushindana na papa wetu. Baadaye watu wakachoka kungoja miezi, wakatia siki katika wali badala ya kuuchachua. Na katika miaka ya 1820 hivi, katika mji wa Edo ambao leo ndio Tokyo, wachuuzi wa vibanda wakawa wanafinya tonge, wanaweka samaki juu, wanampa mpita njia mwenye haraka. Na mtu anayetajwa sana katika habari hiyo ni Hanaya Yohei. Kwa hivyo chakula hiki ambacho sasa watu wa mijini hujivunia kukila kilianza kama mishikaki yetu ya njiani.

Siki hiyo ndiyo iliyotufanya tukae kitako. Siki ya Wajapani hutengenezwa kwa mchele, na mchele huo hupita kwanza katika hali ya pombe ndipo ukawa siki. Watu wa pwani hawana haja ya kushangaa, kwani siki ya bibi zetu ilikuwa tembo la mnazi lililoachwa mpaka likageuka. Wanavyuoni wetu wamesema: pombe ikigeuka siki yenyewe, bila ya kutiwa kitu cha kuigeuza, imetoharika. Na Bwana Mtume (S.A.W.) aliisifu siki kuwa ni kitoweo chema. Hapo pana amani, inshallah, kwa siki iliyo siki kweli.

Ama yule ambaye si siki, huyo ndiye mwizi wa nyumba. Wajapani wana mvinyo mtamu wa mchele uitwao mirin, wa kupikia tu, hawanywi mezani kama desturi. Ule wa asili una ulevi wa kadiri ya sehemu 14 katika mia. Hutiwa katika mchuzi, katika yai, katika samaki wa kuchoma, hutiwa ili chakula kimetemete na kiwe na utamu. Wako na pombe nyingine ya mchele, sake, ambayo wapishi wengine huimiminia kidogo katika sufuria ya wali. Mpishi ukimwuliza, "Mna pombe katika chakula hiki?" atakujibu "Hapana," wala hakukudanganya, kwa kuwa yeye hahesabu mirin kuwa pombe, kama vile mpishi wetu asivyohesabu chumvi kuwa dawa. Nasi twajua kwamba kinacholevya kikiwa kingi, kichache chake ni haramu. Na mchuzi mweusi wa soya una ulevi mdogo unaozaliwa ndani yake wakati wa kuchacha, tena viwanda vingine huzidisha wa makusudi ili usiharibike. Wanavyuoni wa zama hizi wamehitilafiana juu ya ule wa kuzaliwa. Ule wa kuongezwa ni wa kuepukwa. Siku hizi huko kuna chupa zenye alama ya halali, na mwenye kutaka huzipata.

Sasa na tuingie mkahawani.

Ilikuwa Jumamosi, baina ya adhuhuri na alasiri. Mlangoni palitundikwa pazia fupi la kitambaa, tukainama, na mara mwenye mkahawa na mkewe wakapiga ukelele wa pamoja uliotufanya turudi nyuma hatua moja. Kumbe ndiyo marhaba yao. Mahali penyewe ni padogo, hapazidi viti tisa, vyote vimepangwa mbele ya ubao mrefu, na nyuma ya ubao amesimama mwenyewe na kisu chake. Mkewe akatuletea kitambaa chenye maji ya moto cha kufutia mikono, kisha chai ya kijani isiyo sukari katika vikombe vikubwa. Jambo la kwanza lililotuliza moyo wetu ni kwamba sushi huliwa kwa mkono, wala si aibu. Vijiti vipo kwa mwenye kuvitaka. Tulikula kwa mkono wa kulia, na mzee mwenye nyumba naye akaviweka vijiti vyake kando, akala kwa mkono kama sisi.

Tulitazama kama mezani pana ulevi, kwani tumekatazwa kuketi penye meza inayozungushwa mvinyo. Mwanetu alikuwa ametangulia kulifikiri hilo. Jioni mahali pale huja watu kunywa. Mchana wa saa nane huja wazee na akina mama. Mzee mwenyeji wetu, ambaye tulikuja kujua baadaye kwamba hakosi gilasi yake kila ajapo, siku ile alikunywa chai mwanzo mpaka mwisho, wala hakutwambia.

Kisha tukaona jambo. Mwenye mkahawa alitoa chini ya ubao bakuli la mti lenye kifuniko, mbali na lile kubwa alilokuwa akitumia kwa wengine. Akatoa na kisu kingine na kibao kingine, akavisuuza mbele ya macho yetu. Mwanetu naye akatoa mfukoni kichupa kidogo cha mchuzi wa soya, akakiweka mbele yetu. Hakusema neno. Tulipomwuliza, ndipo habari yote ikatoka.

Miezi mitatu ya mwanzo alikula pale bila ya kujua. Kijana wa Kiindonesia waliyekutana naye katika msikiti wa Kobe ndiye aliyemzindua. Msikiti huo ulifunguliwa mwaka 1935, ukasalimika na mabomu ya 1945, ukasalimika na tetemeko la ardhi la 1995, nasi tuliswali Ijumaa mbili ndani yake. Kijana yule alimwambia habari za mirin, na mwanetu usiku ule hakulala. Hakuwa na mtu wa kumwuliza. Angemwuliza nani? Baba yake ni mwalimu wa madrasa, naye alikwisha mwambia kwamba yeye ni mwenzake paka. Akenda kwa mzee mmoja pale msikitini, akaandikiwa karatasi kwa Kijapani, akaenda nayo mkahawani akaona haya, akarudi nayo. Akaenda tena, akarudi nayo tena. Mara ya tatu akaitoa. Mwenye mkahawa akaisoma polepole, akaondoka, akaja na chupa zake zote za jikoni, akazipanga juu ya ubao moja moja, akamwambia, "Nionyeshe." Tokea hapo kila kijana huyu akitaka kwenda hutoa habari asubuhi, na wali wake hupikwa peke yake kwa maji matupu, kisha hukolezwa siki, sukari na chumvi.

Nasi twamshukuru Mwenyezi Mungu, kwani lile tuliloliona kuwa najisi, nao ule ubichi, halikuwa na neno. Na lile lililokuwa na neno hatukulijua, wala hatungemsaidia nalo.

Tulikula. Kipande cha kwanza kilikuwa cha jodari. Tulisoma bismillahi tukatia kinywani tukiwa tumefumba macho, tukitafuta shombo, hatukuiona. Kilikuwa laini na baridi, na chini yake wali wa uvuguvugu, na baina yao mzizi mkali wa kijani uliotupanda puani hata machozi yakatoka, mzee akacheka kwa furaha. Tukala pweza, na huyo tulimjua ingawa wao humchemsha tu, hawampigi kwa gongo. Tukala tonge lililofungwa kwa mwani, si mwani wa namna ile ulimwao Unguja bali mwingine, mwembamba kama karatasi. Baina ya samaki na samaki mtu hutafuna tangawizi iliyolowekwa katika siki, ili ulimi usahau.

Halafu akaweka kipande cha tumbo la jodari, chenye mafuta, cheupe kama cha rangi ya waridi. Hicho kwao ni cha bei kubwa kuliko vyote. Mwenye mkahawa akasema maneno marefu huku akicheka, na mzee naye akacheka. Tukamtazama mwanetu atufasirie, naye akasita. Akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Baba, asema kwamba zamani za babu yake nyama hii ilikuwa haina thamani. Walikuwa wakisema ni ya kurukwa hata na... hata na paka."

Hatukuwa na la kusema. Tulikula kile kipande.

Na si hicho tu. Samaki samoni, ambaye leo watoto wa Kijapani wampenda kuliko wote akiwa mbichi, wazee wao hawakuwa wakimla mbichi, kwani samoni wa bahari yao ana minyoo. Wanorwe ndio waliokwenda kuwashawishi katika miaka ya 1980, wakiwa na samaki wao wa kufugwa, na ilichukua miaka watu wazoee. Tazama basi jinsi nafsi inavyokinai leo na kutamani kesho. Bwana Mtume (S.A.W.) aliandaliwa kenge wa jangwani, akauzuia mkono wake. Khalid bin Walid (R.A.) akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kwamba si haramu, ila hakuwako katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimtaki. Khalid akamvuta, akamla, na Bwana Mtume akimtazama. Hii ndiyo hoja yetu kwa ami wa Tanga. Ana haki ya kukinai. Hatumlazimishi kula, wala hatumcheki. Alichokosa ni kuichukua kinaa yake akaivika kanzu ya sheria.

Mwisho kilikuja kibao kingine, na juu yake samaki wa kuchoma, mkunga wa baharini, ambao pwani ile inasifika kwao. Amekaushwa moto vizuri, rangi ya kahawia, anametameta, ananukia utamu. Tulifurahi sana. Tulisema moyoni, sasa ndicho chakula cha watu. Tukanyosha mkono. Mwanetu akaushika mkono wetu kwa upole, mbele ya mwenyeji, akasema, "Baba, hicho kisamehe."

Tulikasirika kidogo, hatufichi. Miaka thelathini twafundisha watoto wa watu halali na haramu, leo mkono wetu unashikwa mezani na mtoto wetu. Kumbe kile kibao si chetu, ni cha mzee mwenyewe, kilichowekwa karibu nasi kwa kosa la mkewe mwenye mkahawa. Na mkunga yule alikuwa amepakwa mchuzi mzito uliopikwa kwa soya, sukari na mirin, tena huo mchuzi hauna kopo la halali, kila mpishi ana wake. Pale mezani kwa hakika kilichokuwa haramu kwetu kilikuwa ndicho kile kilichopikwa.

Tuwaonye vijana wetu jambo jingine kwa ufupi. Si kila mkahawa wa sushi una mwenye kuulizwa. Ipo mikubwa ambayo sahani huzunguka mbele ya walaji juu ya mkanda unaokwenda wenyewe, namna iliyobuniwa na Yoshiaki Shiraishi huko Osaka mwaka 1958 baada ya kuona mikanda ya kiwanda cha bia. Ni ya bei nafuu, watoto huifurahia. Walakini humo hupita samaki, kisha hupita nyama ya ng'ombe isiyojulikana, kisha nyama ya nguruwe, na anayeagiza huagiza kwa kioo asimwone mtu. Mwaka 2023 kijana mmoja mtovu wa adabu alilamba chupa ya mchuzi ya watu wote katika mkahawa wa namna hiyo, picha zikaenea dunia nzima, na mingi kati ya mikahawa hiyo ikaacha kuzungusha sahani wazi. Anayekwenda huko na achague samaki mtupu, awe na mchuzi wake, na yai aliache. Hata hivyo wali wenyewe ni wa kuuliziwa.

Na akina mama wa nyumbani, msije mkasoma haya mkamkata jodari wa mnadani aliyekwisha pigwa jua, mkawapa watoto mbichi. Jodari asiyewekwa katika barafu tangu avuliwe huzalisha sumu ambayo hata moto hauiondoi. Na samaki wengi wa baharini wana mnyoo. Wajapani wenyewe huelekezwa na serikali yao kwamba ukali wa baridi ya digrii 20 chini ya sifuri kwa saa 24 ndio humwua. Siki haimwui, wala ndimu haimwui. Mwenye mimba na ajiepushe na ubichi kabisa.

Tulipotoka mkahawani mzee alitutangulia mbele, akijikongoja na fimbo yake. Tukamwambia mwanetu, "Tusamehe kwa lile neno la paka." Akasema, "Baba, nilikwisha sahau." Hakuwa amesahau. Jioni ile alimpelekea mama yake picha za chakula kumi na saba.

Bibi wetu wa Tanga, jibu ni hili: samaki ni halali, mbichi na mpikwe; wali na mchuzi ni vya kuulizwa; na kijana wako atakwenda kuuliza kwa haya mara mbili, na mara ya tatu atauliza, inshallah. Tumemwomba mwanetu atunakilie ile karatasi. Imeandikwa kwa hati ya Kijapani, na maana yake ni hii: Mimi ni Mwislamu. Sili nguruwe wala kitu kitokacho kwake. Sili nyama isipokuwa samaki na vya baharini. Sili chakula kilichotiwa sake au mirin, hata kidogo. Naomba radhi kwa usumbufu, na ahsante. Tumeitia katika bahasha pamoja na gazeti hili. Ndani ya bahasha hiyo hiyo iko barua nyingine, imefungwa, ya kumpa shemeji yako mkononi. Humo tumemweleza habari za paka wetu kama zilivyokuwa, na tumemwomba atujibu.